Kidoti cha Shavu la Kulia

Bi. Crutchfield, jirani wa ng'ambo ya barabara, alisema aliona kwa macho yake mawili. Jumanne asubuhi, mvua inanyesha, gari la farasi wawili lilisimama mbele ya nyumba ya Shemasi Gathright. Farasi weusi wote wawili. Ndani yake alikaa mwanamume mwenye kola ya manyoya na pete kila kidole. Luvenia akatoka mlangoni anacheka, kofia mpya kichwani, akapewa mkono, akapanda kama malkia, wala hakugeuka kuitazama nyumba aliyozaliwa. Yule mwanamume ni mwigizaji, alisema Bi. Crutchfield, wa kundi lile lililokuwa likicheza kwenye jumba la maonyesho kule Broad Street. Yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga humo, Mungu amwepushie, ila sura ya bwana huyo aliiona kwenye tangazo lililobandikwa ukutani kwa muuza nyama.

Keziah Blount alimwacha aseme mpaka akaishiwa. Keziah alikuwa na miaka ishirini na sita, shule aliiachia darasa la nne, na kazi yake ilikuwa kuwalinda wanawake waliowekwa ndani kwenye kituo cha polisi cha Richmond. Miaka minne ya kukaa kwenye kigoda nje ya mahabusu ilimfundisha kwamba msema kweli hupenda kumaliza haraka, na mwongo hupenda kupamba. Siku zake za mapumziko watu walimwendea awatafutie ndugu zao, maana polisi wenyewe hawakujisumbua na msichana wa kiwanda cha sigara.

Safari hii aliyemwendea ni Permelia Gathright, dada mkubwa wa huyo Luvenia. Alikuja kituoni Jumatano, amesimama tangu saa mbili mpaka saa nne kusubiri zamu iishe, anakunjakunja ncha ya shali. Keziah aliona vidole vyake vina wekundu wa rangi kwenye kucha. Alipomuuliza kazi, Permelia alisema yuko kwa Bwana Vick, mpiga picha, upande wa gundi, wanabandika picha kwenye kadi. Keziah hakuuliza zaidi. Aliuliza kuhusu aliyepotea: umri, urefu, alama. Miaka kumi na tisa, alisema Permelia, mrefu kidogo kunizidi, na ana kidoti kama punje ya dengu kwenye shavu la kushoto.

Jambo lenyewe lilikuwa limezagaa mtaa mzima wa Oregon Hill. Wiki iliyopita, kwenye kiwanda cha chuma, mfanyakazi mmoja alifungua paketi ya sigara akakuta ndani kadi ya mwigizaji, kama zile zinazowekwa humo ili watu wazikusanye. Msichana wa kwenye kadi alivaa gauni lililoishia mapajani na soksi ndefu za kubana, mguu mmoja juu ya kigoda, upepeo mkononi. Chini iliandikwa namba kumi na saba na jina la Kifaransa. Lakini uso ulikuwa wa Luvenia. Mfanyakazi yule alimwonyesha baba mtu akidhani ni mzaha. Shemasi Elkanah Gathright aliichukua kadi, akaenda nayo nyumbani, akaiweka juu ya Biblia iliyofunguliwa, akamuuliza binti yake mara tatu kama alikwenda kukaa mbele ya mpiga picha amevaa hivyo. Mara tatu Luvenia alisema hakwenda. Jumapili shauri likasomwa kanisani.

Kwa Wabaptisti wa mtaa ule, shauri likishasomwa husikilizwa Jumamosi inayofuata, na asiyekuja kujitetea huhesabiwa amekiri. Jina lake hukatwa kwenye daftari la washirika. Shemasi alikuwa amesimama mbele ya watu wote akasema jina litakalokatwa kanisani litakatwa na mezani kwake. Jumanne Luvenia hakuwapo. Sasa ilikuwa Alhamisi. Zilibaki siku mbili.

"Hiyo kofia mpya," Keziah alimuuliza Bi. Crutchfield, "ilikuwa na rangi gani?"

"Buluu. Na unyoya."

"Na mvua ile?"

"Si nilikwambia kulikuwa na bwana? Alimshikia mwavuli."

"Ana mkono mmoja wa kumpandisha na mwingine wa mwavuli. Ni hodari."

Bi. Crutchfield alisema watu wa jukwaani ni hodari kwa mambo yote ila ya Mungu. Keziah akashukuru, akaondoka.

*

Mlinda mlango wa jumba la maonyesho alikuwa mzee mmoja aliyekaa juu ya kreti, anakula mkate wa mahindi na samaki wa chumvi. Alisema kundi lile lilipanda treni ya Norfolk Jumapili mchana, masanduku na watu, na yeye mwenyewe ndiye aliyefunga kamba za masanduku. Keziah alimuuliza juu ya bwana mwenye kola ya manyoya. Mzee alicheka mpaka akapaliwa. Bwana huyo aliugua matubwitubwi tangu Ijumaa, shavu limevimba utadhani amebana viazi viwili, wakamtoa kwa mlango wa nyuma amefungwa kitambaa kichwani ili watazamaji wasimwone.

"Mwambie huyo msichana wako," alisema mzee, "kama alimfuata yule, atavimba naye."

Keziah alirudi Oregon Hill kwa miguu. Bi. Crutchfield alikuwa jikoni anamenya tanipu. Alipomwona mlangoni, hakusema karibu, alisogeza tu kiti kwa mguu.

"Yule bwana wa pete aliondoka Jumapili, Bi. Crutchfield."

"Labda alirudi."

"Ana matubwitubwi. Yuko Norfolk, amelala."

Bi. Crutchfield aliendelea kumenya. Maganda yalikwisha, naye kisu bado kinakwenda, mpaka ile tanipu ikabaki kama yai la njiwa. Keziah alitoa kitambaa, akafuta matope ya viatu.

Hatimaye mama yule alisema, na safari hii alisema upesi. Hakukuwa na gari, hakukuwa na farasi. Jumanne kabla ya saa moja, Luvenia alitoka kwao peke yake na kifurushi, hana kofia, amejifunika aproni kichwani kwa sababu ya mvua. Alivuka barabara akaja kugonga mlango huu huu wa jikoni. Aligonga mara mbili, akangoja, akagonga tena. Bi. Crutchfield alikuwa pale alipokaa sasa.

"Akaniita mama," alisema. "Mama yake alipokufa mimi ndiye niliyemnywesha uji yule mtoto. Akasema, mama, nifungulie, ni mimi. Nikavuta pazia."

"Kwa nini?"

"Jumapili nilinyoosha mkono pamoja na wengine shauri lisikilizwe. Sasa nimfungulie Jumanne?"

"Na gari la farasi lilitoka wapi?"

Bi. Crutchfield alitazama tanipu yake. "Nilitaka awe amekwenda na mtu," alisema. "Akiwa amekwenda na mtu, basi hakunihitaji mimi."

Keziah alimuuliza alielekea wapi. Aliteremka mlima, alisema, kama mtu aendaye darajani. Ng'ambo ya daraja ni Manchester, penye vinu na nyumba za wafuaji. Keziah aliandika neno moja kwenye kijitabu chake: *daraja*. Alipofika mlangoni Bi. Crutchfield alimuuliza kama ni lazima Shemasi ajue habari ya pazia. Keziah alisema hajui bado.

*

Kituoni hakukuwa na askari asiye na kadi mfukoni. Sajini mmoja alikuwa akimkusanyia mkewe albamu, na kati ya waigizaji hamsini wa seti ile alikuwa na arobaini na mmoja. Alimwazima Keziah kwa sharti asizitie doa. Keziah alizipanga kwenye benchi la mahabusu tupu, safu kwa safu, akavuta taa karibu, akakaa.

Alizitazama kwa muda mrefu. Askari waliopita walimtania. Mmoja alimwambia akitaka kuwa mwigizaji aanze na kutabasamu. Saa nzima ilipita ndipo akazitoa mbili pembeni: namba kumi na saba, yenye uso wa Luvenia, na namba thelathini na moja, mwanamke mwenye nywele nyeupe na pua ndefu. Huyu na yule walikanyaga kigoda kimoja. Upepeo wa wote wawili ulikuwa umevunjika njiti mbili, zilezile. Soksi ya kulia ya wote wawili ilitoboka kidogo chini ya goti, na wote wawili walifungwa utepe mweusi shingoni, mpana, pale ambapo kichwa hukutana na mwili.

Kisha akauangalia tena uso wa Luvenia. Akanyanyua kadi, akaisogeza karibu na taa. Kidoti kilikuwepo, kama punje ya dengu. Kilikuwa shavu la kulia.

*

Ijumaa asubuhi alikwenda kwa Bwana Vick. Chumba chake cha picha kilikuwa ghorofa ya juu kabisa, paa la kioo, harufu ya mayai na dawa. Kwenye meza ndefu isiyo na mwanga wasichana wanane walikuwa wakipaka gundi ya wanga nyuma ya picha na kuzibandika kwenye kadi, vidole vimepasuka kwa baridi na gundi. Dirishani kulikuwa na meza nyingine, ndogo, ya kutia rangi midomo na utepe. Viti vinne, watatu wamekaa.

Bwana Leopold Vick alikuwa mwembamba, ncha za vidole nyeusi kwa dawa ya fedha. Alisema anamkumbuka sana msichana wa namba kumi na saba. Alikuja mwenyewe, alikaa pale, mbele ya pazia lile, kwa hiari yake.

"Alivaa nini?"

"Unavyomwona."

"Gauni lake au lako?"

"La hapa. Tunayo mavazi."

"Na huyu?" Keziah aliweka namba thelathini na moja kando ya kumi na saba. "Naye alivaa lile lile?"

"Mavazi ni machache, bibie, waigizaji ni wengi."

"Soksi ni ile ile. Naona tundu. Na mguu je, uliuazima pia?"

Wasichana wa gundi waliinama zaidi. Mmoja aliziba mdomo kwa kiganja. Bwana Vick akasema picha ndogo hudanganya macho, hasa ya mtu asiyezoea.

"Kweli, mimi shule sikufika mbali," alisema Keziah. "Nisahihishe nikikosea. Ukimpiga mtu kwa bamba la kioo, ukatoa picha ya karatasi, anatoka kama alivyo. Kushoto kwake ni kushoto kwake."

"Ndiyo."

"Ukimpiga kwenye bamba la bati, anatoka kama anavyojiona kwenye kioo cha ukutani. Kushoto kumekuwa kulia."

Bwana Vick alijifuta vidole kwenye aproni.

"Luvenia Gathright ana kidoti shavu la kushoto. Kwenye kadi yako kiko kulia. Lakini upepeo na tundu la soksi viko upande ule ule kwenye kadi zote mbili. Kwa hiyo mwili haukugeuka. Kichwa peke yake ndicho kilichogeuka. Huyu hakukaa mbele ya pazia lako, Bwana Vick. Wewe ulichukua picha yake ya bati ukaipiga upya, ukakata kichwa, ukakiweka juu ya mwili wa mwingine, ukafunika shingo kwa utepe."

Bwana Vick alimvuta nyuma ya pazia, sauti akaipunguza. Alisema hakuna mpiga picha asiyefanya hivyo. Watu wa sigara walitaka nyuso hamsini kabla ya Pasaka, naye alikuwa na arobaini na saba. Waigizaji wa kweli hawakutosha. Je, uso ni shamba, una hati? Nani aliumia? Keziah alimwambia aliyeumia ana miaka kumi na tisa na siku ya nne hajulikani alipolala.

"Picha ya bati ni moja tu," aliendelea. "Haina nakala. Nani alikuletea?"

"Sikuuliza majina. Niliwaambia wasichana wa gundi, atakayeleta uso mzuri wa kujazia, nitamtoa kwenye gundi nimweke dirishani. Kuna jua pale. Vidole vinapona."

"Nani amehamia dirishani?"

Bwana Vick alifungua pazia kidogo akatazama kile kiti cha nne kilichokuwa wazi. Juu yake palikuwa na mto mdogo wa kitambaa, na mbele yake brashi iliyokauka na wekundu.

"Hayupo," alisema. "Tangu Jumatano ameomba ruhusa. Ati mdogo wake amepotea."

*

Shemasi alikuwa kazini. Permelia alifungua mlango kabla Keziah hajagonga mara ya pili. Nyumba ilikuwa safi kupita kiasi, sakafu imesuguliwa mpaka mbao zimepauka. Kwenye rafu juu ya jiko palikuwa na Biblia, na kando yake kikasha cha ngozi kilichofunguliwa kama kitabu, ndani picha ya bati: Luvenia miaka mitatu iliyopita, nywele zimesukwa, nusu ya tabasamu. Uso ule ule wa kwenye kadi. Kidoti kulia. Miaka mitatu picha ile ilikaa mbele ya macho yao na kidoti upande usio wake, wakaizoea hivyo, ndiyo maana kadi ilipokuja hakuna aliyeona kasoro. Waliona Luvenia wa rafuni.

Keziah aliomba ruhusa akaishusha. Alilitoa bati kwenye fremu kwa ukucha. Nyuma yake palikuwa na alama ya kidole gumba, nyeupe, kavu, ya wanga. Aliiweka mezani, mgongo juu.

Permelia aliitazama kisha akaketi, mikono chini ya meza.

"Uliniambia uko upande wa gundi," alisema Keziah.

"Nilikuwa. Mpaka Februari."

Alisimulia bila kunyanyua uso. Baridi ile vidole vilipasuka hata kushika kijiko akalia. Bwana Vick aliposema habari ya dirishani, alitoa bati kwenye kikasha asubuhi, akalirudisha jioni, hata vumbi la rafu halikuguswa. Aliambiwa ni uso tu, ndani ya duara, na maua kuzunguka. Alifurahi. Mdogo wake ni mzuri kuwashinda wote wa Broad Street, acha watu wamwone.

"Sikujua atampa miguu ya mtu mwingine," alisema.

Keziah alimuuliza alikuwa wapi siku kadi ilipowekwa juu ya Biblia. Alikuwa pale jikoni, alisema, anakoroga uji wa mahindi. Baba alipouliza mara ya kwanza alijiambia nitasema akiuliza ya pili. Alipouliza ya pili alijiambia ya tatu. Alipouliza ya tatu uji ulikuwa umeungua, baba akamgombeza kwa uji, na baada ya hapo hakuuliza tena.

"Jumapili je?"

"Jumapili watu walikuwa wengi."

"Jumatatu nyumbani mlikuwa watatu."

Permelia alisema usiku wa Jumatatu walilala kitanda kimoja kama siku zote, na Luvenia alimwambia kwamba hata dunia nzima ikisema alikwenda, yeye anashukuru ana dada anayejua hakwenda.

Keziah alirudisha bati kwenye fremu. "Kwa nini ulinijia mimi? Ulijua kazi yangu."

"Nilitaka umpate yeye kabla hujanipata mimi."

"Ningempata Jumatano kama ungesema."

"Najua, dada."

Keziah alimweleza kilichobaki. Luvenia alishuka kuelekea daraja. Hakuwa na fedha ya treni. Angetafuta mlango. Milango ya Wabaptisti yote, huku na ng'ambo, ilisikia shauri Jumapili, maana makanisa yale hupelekeana barua. Mlango ambao barua haikufika ni wa Mkatoliki. Shemasi asingefikiri kumtafuta binti yake kwa Wakatoliki, na Luvenia alijua baba yake asingefikiri. Kati ya darajani na kinu cha kwanza pale Manchester, wapo wajane watatu wa Kiayalandi, Wakatoliki, wanaofua mashati, na mwenye mashati huhitaji mikono.

Permelia alikuwa ameshachukua shali na koti la mdogo wake. Mlangoni alimshika Keziah mkono.

"Ukimwona, usimwambie. Niache niseme mwenyewe. Hilo tu nakuomba."

"Utasema?"

"Nitasema. Na kesho nitasema kanisani."

Keziah alikubali.

*

Mjane wa kwanza hakuwa na mtu. Wa pili, Bi. Teague, aliwazuia mlangoni kwa mwili wake mpana, mikono imejaa povu. Aliuliza kama wametumwa na yule baba. Keziah alimwambia wametumwa na dada. Bi. Teague alimtazama Permelia, akatazama koti alilolikumbatia, akasogea. Juu, alisema, kwenye pasi. Wakanyage pembeni, ngazi zimeoza katikati.

Ngazi ya tatu Permelia alisimama. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Tangulia wewe," alinong'ona. "Nikisikia sauti yake nitapanda."

Chumba cha juu kilikuwa cha joto, mashati yametundikwa kila mahali kama watu wasio na vichwa. Luvenia alikuwa anapiga pasi kola. Mikono yake ilikuwa imeiva kwa sabuni. Kidoti kilikuwa shavu la kushoto. Keziah alisema jina lake na kazi yake, akasema hakuja kumkamata. Mlango aliuacha wazi.

Luvenia aliuliza kama baba ndiye aliyemtuma. Aliposikia siye, akarudi kwenye pasi. Keziah alitoa kadi mbili akaziweka mbele yake, kumi na saba na thelathini na moja, akamwonyesha soksi, upepeo, utepe, kidoti. Alimweleza kuwa kesho mchana shauri linasikilizwa, kwamba akiwepo na kadi hizi mbili na picha ya bati, hakuna mwenye macho atakayenyoosha mkono jina lake likatwe. Luvenia alisikiliza yote. Aligusa shavu lake mara moja, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

"Kwa hiyo ilitoka rafuni kwetu," alisema.

"Ndiyo."

"Hakuna mwizi aliyeingia."

"Hakuna."

Aliinua pasi, akaitemea mate kujua moto wake, akaishusha. Alipiga kola upande mmoja, akaigeuza, akapiga upande wa pili. Alisema baba hawezi, baba haruhusu hata magazeti yenye picha yaingie ndani. Alisema Bi. Crutchfield huja kuazima chumvi, huenda aliichukua, lakini Bi. Crutchfield amjua nani kwa wapiga picha. Alisema labda yule kijana aliyekuja kutengeneza dohani wakati wa baridi. Kisha hakuwa na mtu mwingine wa kumtaja, akabaki ameshika pasi.

"Kanisa likate," alisema. "Baba naye afanye atakavyo. Mimi siku zote hizi nimelala vizuri kwa jambo moja tu."

Keziah alizikusanya kadi.

"Usiniambie ni nani. Sitaki kumjua. Niambie tu si Permelia."

Keziah aligeuka akatazama mlangoni. Kwenye ngazi ya juu kabisa, nusu gizani, ilionekana ncha ya kiatu, na juu yake upindo wa koti alilolikumbatia Permelia. Alikuwa amepanda. Alikuwa amesikia. Keziah alisogea pembeni akampa nafasi ya kusema.

"Dada," Luvenia alimwambia Keziah, na pasi ilikuwa imesimama mahali pamoja, shati linaanza kutoa moshi. "Nakuomba. Sema si yeye."

Ubao wa ngazi ulilia mara moja. Kisha ule wa chini yake. Kisha wa chini zaidi.